Barua ya wazi kwa wafadhili na wakuu wa taasisi za pwani: kila kipimo kiwe na mtu wake

Waheshimiwa wakurugenzi wa mifuko ya ufadhili, wakuu wa taasisi za utafiti wa bahari, na ninyi mlioko wizarani mnaogawa mafungu ya pwani,

Nawaandikia nikiwa mtu niliyepita katika mlango mliotufungulia. Miaka kadhaa iliyopita nilipata ufadhili wa miezi kumi na miwili wa kupima udongo wa mikoko. Nilifundishwa vizuri, posho ilifika kwa wakati, na waliotia saini karatasi zangu nawakumbuka kwa wema hadi leo. Kwa hiyo silalamiki kwamba nilinyimwa. Nilipewa, na ninachotaka mkijue ni kilichotokea baada ya mwezi wa kumi na mbili.

Nianze na kazi yenyewe, maana huenda wengi wenu mnaiona kwenye ripoti tu. Katikati ya mikoko kuna nondo ya chuma kisichoshika kutu, iliyogongwa kwenda chini kipande kwa kipande mpaka ikagoma, pengine mita kumi na tano, pengine zaidi ya ishirini. Tope la juu likipanda au likishuka, nondo hiyo inabaki palepale. Unafika maji yakiwa yametoka. Unapita juu ya ubao ili usikanyage eneo la kipimo. Unafunga mkono wa chuma juu ya nondo, unausawazisha kwa pimamaji, kisha unashusha vijiti tisa, kimoja kimoja, hadi ncha iguse uso wa tope. Unasoma milimita, unaandika. Unageuza mkono upande wa pili, vijiti tisa tena, halafu wa tatu, halafu wa nne. Nondo moja ina vipimo 36, na vyote viwe vimekamilika kabla maji hayajarudi.

Kijiti kimoja kinaangukia ndani ya shimo la kaa. Kingine kinatua juu ya jani lililolowa. Sasa uso wa tope uko wapi? Inabidi uamue, uandike ulivyoamua, na safari ijayo uamue vilevile. Ndiyo maana wenye kazi hii husisitiza kwamba nondo moja, inapowezekana, isomwe na mtu yuleyule kila mara. Msomaji akibadilika, tofauti ya milimita mbili tatu inaweza kuwa imetoka kwenye jicho lake, tope lenyewe halijasogea.

Na hizo milimita mbili tatu ndizo tunazozitafuta. Ripoti ya sita ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, inasema kati ya 1901 na 1971 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa milimita 1.3 kwa mwaka, na kati ya 2006 na 2018 kasi hiyo ilifika milimita 3.7. Mikoko hujijengea ardhi yake yenyewe: mizizi inanasa tope, majani na mizizi mifu inaongezeka juu na chini. Ikiweza kupanda na bahari, inabaki. Ikishindwa, inazama polepole, na walio nyuma yake wanabaki wazi mbele ya mawimbi. Nondo ile ndiyo inayotuambia mikoko ya mahali fulani iko upande gani. Lakini haisemi kwa mwaka mmoja. Tope huumuka msimu wa mvua na kusinyaa wakati wa ukavu, na dhoruba moja inaweza kuleta au kuondoa zaidi ya kile kinachojengeka mwaka mzima. Unahitaji kama miaka mitano ya vipimo ndipo uanze kuuamini mstari unaouona.

Mimi nilipewa miezi kumi na miwili.

Nilipoandika kuomba niongezewe, nilijibiwa kwa upole kwamba mfuko umehamia mada nyingine. Taasisi iliyonipokea ilinitaka, ila haikuwa na nafasi ya ajira wala fungu la kuianzisha. Nilikabidhi daftari kwa mtu ambaye tayari alikuwa na kazi tatu, nikaenda kuingiza takwimu katika ofisi isiyohusika na bahari. Nilirudi kutazama baada ya miaka mitatu. Ubao ulikuwa umeoza. Chaza walikuwa wameshika kwenye nondo, na mtu alikuwa ameitumia kufungia ngalawa, kamba imeacha mchubuko mweusi shingoni mwake. Sikumlaumu aliyefunga kamba. Hakuna aliyekuwepo kumweleza chuma kile ni cha nini. Nondo ingali imara na inaweza kusomwa hata kesho, lakini miaka ile mitatu haipo katika daftari lolote na hakuna fedha ya kuinunua.

Wenzangu wengi wana kisa cha namna hii, kila mmoja na chombo chake: kipima maji kupwa na kujaa kilichozimika betri na hakuna wa kuibadilisha, maboya yaliyong'oka, picha za droni zilizobaki kwenye kompyuta ya mtu aliyehama. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa vifaa viliharibika. Nionavyo mimi, kwa sehemu kubwa vifaa viliharibika kwa sababu mwenye kuvitunza mkataba wake ulikwisha.

Waheshimiwa, bahari ina kalenda yake na haikubali kufupishwa. Bamvua, yaani maji makubwa, na maji mafu, yaani maji madogo, hupokezana kila baada ya wiki moja hivi, hilo kila mvuvi analijua. Ila juu ya mzunguko huo upo mwingine, wa miaka 18.6, unaotokana na njia ya mwezi kuyumba, na katika pwani nyingi huo ndio unaofanya bamvua za miaka fulani zipande zaidi kuliko za miaka mingine. Ndiyo maana wapimaji wanaotafuta wastani wa kuaminika wa usawa wa maji huchukua miaka 19. Atakayejenga ukuta au kupanga mji kwa kutegemea kipimo cha mwaka mmoja anaweza kuwa alipima mwaka wa chini bila kujua. Brest, nchini Ufaransa, wana vipimo vinavyoanzia mwanzoni mwa karne ya 19. Vipo kwa sababu kazi hiyo ilipokezanwa kizazi baada ya kizazi.

Uholanzi wanajulikana kwa kuta zao, na ni kweli mafuriko ya mwaka 1953, yaliyoua watu 1,836, yaliwafanya wajenge sana. Lakini kinachonivutia mimi ni kwamba tangu 1965 wanapima pwani yao ya mchanga kila mwaka, mstari kwa mstari, mwaka wa dhoruba na mwaka wa utulivu. Walipoamua mwaka 2011 kumwaga mita za ujazo milioni 21.5 za mchanga sehemu moja ili mawimbi na mikondo viusambaze vyenyewe, walikuwa na rekodi ya karibu nusu karne ya kuwasaidia kukisia mchanga utakwenda wapi. Na waliweka wanafunzi wa uzamivu pale pale ufukweni kuufuatilia. Jaribio na ufuatiliaji wake vilipangwa pamoja. Haikuwa kwamba mchanga umwagwe kwanza, kisha mtu atafutwe wa kuutazama kwa miezi michache.

Mnaweza kusema hiyo ni nchi tajiri. Sawa, twendeni Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya. Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wanaolinda hekta 117 za mikoko na kuuza kaboni inayohifadhiwa humo, yaani kulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko hiyo huinasa, umetajwa katika mikutano mingi tangu ulipoanza mwaka 2013, na Vanga, kusini zaidi katika pwani hiyohiyo, wakafuata njia hiyohiyo miaka michache baadaye. Kinachosahaulika katika mikutano hiyo ni kwamba kabla ya 2013 kulikuwa na miaka ishirini ya kupanda na kupima. Dkt. James Kairo na wenzake wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI, walikuwa wakirejesha mikoko ya Gazi tangu miaka ya 1990. Huwezi kuuza kaboni usiyoweza kuihesabu, na isingehesabika bila watu waliobaki mahali pamoja muda wote huo. Fedha inayoingia kijijini leo ni tunda la subira ile.

Niwaonyeshe na upande wa pili, kwa sababu una uchungu. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, fedha nyingi zilimiminika kupanda mikoko Sri Lanka. Watafiti waliporudi baadaye kuchunguza maeneo 23 ya upandaji, walikuta 9 hayana mche hata mmoja uliobaki hai, na mengine mengi yakiwa na michache tu. Sababu kubwa ilikuwa mahali: miche ilipandwa chini mno, pakafunikwa na maji kwa muda mrefu kuliko inavyovumilia, au kwenye udongo usioifaa. Hilo ni suala la sentimita chache za mwinuko. Mtu mmoja mwenye kifaa cha kupima mwinuko, aliyekwisha kutazama maji ya mahali pale kwa mwaka au miwili, angesema hapa pasipandwe. Watu wa namna hiyo wapo na wamesomeshwa, wengine na ninyi. Tatizo ni kwamba siku ya kupanda wanakuwa hawana tena kazi katika sayansi ya pwani.

Hapo ndipo penye ombi langu. Fursa za mafunzo si chache kama zamani. Umoja wa Mataifa umeitangaza miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa sayansi ya bahari, na matangazo ya ufadhili, warsha na shule za muda mfupi yameongezeka. Nayasoma kila wiki na kuyasambaza kwa vijana. Kilichokosekana ni daraja la kutoka kwenye ufadhili kwenda kwenye mshahara. Kijana anamaliza ufadhili mmoja, anaomba wa pili, anahamia mada nyingine kwa sababu ndiyo iliyotangazwa, anaomba wa tatu. Akifika miaka thelathini na mitano ana vyeti vingi na hakuna pwani hata moja anayoijua kwa undani. Halafu linatoka tangazo la kazi ya kudumu linalodai uzoefu wa miaka mitano mfululizo katika eneo moja. Atautoa wapi?

Kwa hiyo naomba kitu kimoja kikubwa: msinunue chombo cha kupimia bila kuweka fungu la mshahara wa mtu wa kukisoma, kwa muda ambao chombo hicho kinauhitaji ili kiseme jambo la maana. Nondo ya mikoko, miaka mitano kwenda juu. Kipima maji kupwa na kujaa, kila baada ya miaka michache mtu amkabidhi mwingine huku wakifanya kazi pamoja angalau miezi sita. Kama fedha haitoshi vyombo kumi na watu kumi, nunueni vinne na muajiri wanne. Najua picha ya vyombo kumi inapendeza zaidi katika ripoti ya mwaka. Vinne vinavyosomwa vitawapa jibu, na jibu ndilo mliloahidi.

Na ufadhili wenyewe uwe wa miaka mitatu badala ya mmoja, ukiwa na sahihi ya taasisi inayopokea kwamba mwaka wa tatu gharama inaanza kuhamia kwao kidogo kidogo. Wakuu wa taasisi, hapa nawageukia ninyi. Ni rahisi kumpokea kijana anayelipwa na mwingine. Mkikubali kumpokea, kubalini pia kumtafutia nafasi katika orodha ya watumishi kabla fedha ya mfadhili haijakwisha. Wizara nazo zina sehemu yao. Ripoti ya dunia ya sayansi ya bahari iliyotolewa na UNESCO mwaka 2020 ilikuta kwamba nchi zilizotoa takwimu zinatenga kwa wastani asilimia 1.7 tu ya bajeti zao za utafiti kwa sayansi ya bahari. Na jopo la IPCC lilikadiria mwaka 2019 kwamba watu wapatao milioni 680 wanaishi katika maeneo ya chini ya pwani. Mizani hiyo haikubaliki.

Upo mfano mmoja ambao ningependa uigwe kwa kurekebishwa. Nchini Marekani, tangu 1979, ufadhili unaoitwa Knauss huchukua wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaosomea mambo ya bahari na maziwa makuu, ukawaweka kwa mwaka mmoja ndani ya ofisi za Bunge na za serikali kuu, wakilipwa. Wanakaa pale sheria zinapoandikwa. Mwaka mmoja unatosha kwa kazi hiyo, maana pale unajifunza watu na taratibu. Tope halipimwi hivyo. Hebu fikirini tungekuwa na mmoja wa namna hii katika kila wizara inayotoa vibali vya kujenga ufukweni: mtu anayeweza kufungua mchoro wa mhandisi na kusema, kabla sahihi haijawekwa, kwamba gati hili litazuia mchanga na ufukwe wa upande wa pili utaliwa.

Nina maneno machache kuhusu milango ya kuingilia, na nitayapitia haraka kwa kuwa yanajulikana. Acheni kumtaka mwombaji alipie tiketi na viza kisha asubiri kurudishiwa, wengi hawana cha kutanguliza. Mafunzo ya kazini bila malipo yanachagua watoto wa wenye uwezo. Umri wa mwisho wa miaka 35 unawaumiza zaidi wanawake waliosimama kwa ajili ya kulea, hesabuni miaka tangu shahada na mtoe ile ya uzazi. Na fomu isiyopokelewa isipokuwa kwa lugha moja ya kigeni inapima lugha kabla ya kupima sayansi.

La mwisho katika hayo linanigusa kwa karibu. Nimemsaidia dada mmoja kujaza maombi. Kwa miaka minane amekuwa akiandika samaki wanaoshushwa dikoni: aina, urefu kwa sentimita, mtego uliotumika, mahali walipovuliwa kwa majina ambayo wavuvi wenyewe huyatumia. Madaftari yake yamejaa chumvi na magamba, yamepangwa kwa miezi. Alipofika kwenye kipengele cha uzoefu wa utafiti, fomu ilimwomba orodha ya makala zilizochapishwa. Hana. Palikuwa na nafasi ya kuandika herufi mia mbili chini ya «mengineyo», na humo ndimo tulimobana miaka minane. Hakuitwa kwenye usaili. Mfuko uliomkosa dada huyu umejikosesha rekodi ambayo mtafiti mwenye shahada tatu asingeweza kuianza leo akaimaliza kabla ya miaka minane kupita. Fomu ingeuliza swali moja tu, «umekuwa ukiangalia nini, wapi, na kwa muda gani?», angekuwa wa kwanza.

Na wanaokwenda kupima katika pwani za wengine, mnaowafadhili kwa wingi, wekeni sharti kwamba takwimu, na si makala tu, zibaki pia kwenye taasisi ya mahali pale, na kwamba yupo mtu wa pale anayejua kuzitumia, aliyelipwa kwa kazi hiyo na kuandikwa jina lake. Mtafiti akiondoka na diski yake, nchi iliyompokea inalazimika kuomba habari za ufukwe wake kwa barua pepe.

Najua kuna hofu kwamba ajira ndefu hulaza watu. Jibu langu ni kuwapa kazi inayoonekana. Bangladesh, kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Miaka miwili baadaye ulianza mpango wa tahadhari ya vimbunga, nao haujasimama hadi leo. Sasa una wajitoleaji zaidi ya 70,000 wanaopita mlango kwa mlango kwa vipaza sauti na bendera, na vifo vya vimbunga vimeshuka sana. Wale wanafanya mazoezi mwaka baada ya mwaka, hata pasipo na kimbunga. Hiyo ndiyo namna ya kudumu ninayoizungumzia, na wapimaji wanaweza kuwekwa ndani ya mipango kama hiyo: asubuhi msomaji wa maji, jioni mwalimu wa shule inayokaa sentimita chache juu ya bamvua.

Ninyi mnaoketi kupanga mzunguko ujao wa ufadhili, nawaomba kabla ya kuandika tangazo mfanye jambo hili: ombeni orodha ya vyombo vyote mlivyolipia miaka kumi iliyopita, na mbele ya kila kimoja muandike jina la mtu anayekisoma mwezi huu. Palipo wazi, anzieni hapo. Wengi wa waliowahi kuvisoma bado mnaweza kuwapata. Wako katika mabenki, katika mashule, kwenye maduka ya simu, na wakiitwa kwa mkataba wa maana watarudi.

Madaftari yangu ya ile miezi kumi na miwili bado ninayo, nakala mbili, moja nimeifunga kwenye plastiki. Nondo iko palepale na mkono wake umepakwa grisi. Nipo tayari kumpeleka yeyote mtakayemwajiri, nikae naye bamvua tatu za mwanzo mpaka macho yetu yasome sawa, kisha nimwachie.

Wenu katika kazi hii,
Mpimaji wa tope la mikoko